Nani Huchagua Mahali pa Kiwanda? Mjadala kutoka Mariakani hadi Marereni

Hoja iliyowekwa mezani ni fupi: katika pwani ya Kilifi na Malindi, gharama ya kusafirisha mzigo ndiyo inayoamua kiwanda kijengwe wapi, na sababu nyingine zote hufuata nyuma. Wanaoijadili ni wanne. Yupo mwalimu wa jiografia wa sekondari mjini Malindi, anayeiunga mkono. Yupo mwenye malori wa Mariakani, mtu anayeamka na kulala na bei ya dizeli. Yupo mama mkulima wa korosho na minazi kutoka Matsangoni, na yupo kijana wa Magarini aliyesomea uhandisi akarudi nyumbani bila kazi ya uhandisi. Wasemaji hawa wameundwa na mwandishi kutokana na hoja zinazosikika kila siku katika kaunti hii. Viwanda, barabara na miaka wanayoitaja ni mambo ya kweli.

Mwalimu anaanza na chumvi. Kaskazini mwa Malindi, kuanzia Gongoni na Ngomeni hadi Marereni na Kurawa, ufuo umekatwa mabwawa mapana. Maji ya bahari huingizwa humo, huachwa juani, huhamishwa bwawa hadi bwawa yakizidi kuwa mazito, mpaka chumvi inaganda chini na kukusanywa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina.

"Pigeni hesabu wenyewe," anasema. "Tani moja ya chumvi inataka zaidi ya tani 30 za maji. Nani atayapakia maji hayo ayapeleke Nairobi yakakaushwe huko? Mwenye kiwanda hana hiari. Amefungwa penye bahari, jua na upepo."

Kanuni anayoitegemea iliwekwa na Mjerumani Alfred Weber katika kitabu alichochapisha mwaka 1909. Malighafi inayopoteza uzito mwingi inapogeuzwa kuwa bidhaa hukivuta kiwanda kwake. Bidhaa inayoongezewa uzito mwishoni, mfano soda ambayo karibu yote ni maji, hukivuta kiwanda kwa mnywaji.

Kutoka kwenye chumvi Mwalimu anateremka hadi Vipingo. Jani la mkonge limejaa maji. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi za singa. Ndiyo maana mashine ya kukamua husimama shambani, na kinachokwenda bandarini ni marobota makavu. Hapo hapo Vipingo yapo mawe ya chokaa, na mawe hayo yana somo lenye kina kuliko la chumvi. Jiwe la chokaa likichomwa hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, unaotoka kama hewa ya kaboni. Tani moja ya klinka, yaani vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, hula takriban tani moja na nusu ya mawe. Kwa hiyo tanuri hufuata machimbo: ng'ambo ya Mtwapa kuna Bamburi, ambako Felix Mandl alianzisha kampuni mwaka 1951 na saruji ikaanza kutoka 1954, Vipingo kuna Mombasa Cement, Kaloleni kuna kiwanda kilichokuwa cha Athi River Mining kabla kampuni hiyo haijawekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018. Lakini klinka ikishapatikana, kuisaga hakuipunguzii uzito. Bamburi ikafungua kinu cha kusagia Athi River mwaka 1998, karibu na wajenzi wa Nairobi, na Mombasa Cement nayo inasaga huko. Bidhaa moja imegawanyika makao mawili: tanuri pwani, kinu bara.

"Heshima yako, Mwalimu," mwenye malori anamkatiza. "Hayo ni ya maji na mawe. Njoo kwetu Mariakani."

Mariakani ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi, ingawa watalii wa Watamu na Malindi hawaijui. Iko kwenye barabara kuu ya Nairobi, kilomita 36 hivi kutoka Mombasa. Hapo Mabati Rolling Mills huchukua koili za chuma zilizoshuka bandarini na kuzigeuza mabati. Koili ikiingia na tani 20, mabati yanayotoka ni karibu tani 20 vilevile. Kwa kanuni ya Weber, kiwanda kama hicho kingeweza kukaa popote kati ya meli na mteja: Mariakani, Voi, hata Athi River. Kwa nini basi kikakaa Mariakani?

Jibu la mwenye malori ni kwamba waandishi wa vitabu hupima kilomita, na yeye hupima safari. Lori linalotoka bandarini hadi Mariakani linaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tena zaidi ya mara moja foleni ikiwa nzuri. Koili ni mzigo mfupi mzito ambao ukizidisha mmoja tu unakamatwa kwenye mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56, lori na mzigo wake pamoja, hata kwa gari lenye ekseli saba. Ardhi ya Mariakani ni rahisi kuliko ya kisiwani. Na mabati yakishafungwa, lori la kwenda Nairobi, Kampala au Kigali linapita mlangoni.

"Sasa niambie nipeleke saruji Malindi," anaendelea. "Ni kilomita 120 kutoka Mombasa, si mbali. Nikishusha, narudi na nini? Msimu wa maembe nitapata kitu. Chumvi ina magari yake. Miezi mingine narudi mtupu, na dizeli ya kurudi ameilipa aliyenunua saruji. Kilomita ya Malindi na kilomita ya Nairobi ni vitu viwili."

Hapa ndipo mjadala unapokomaa, na inafaa kusimama kidogo. Ukiitazama ramani, Malindi na Kilifi ni majirani wa bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Ukitazama mzigo, ziko kando ya njia. Haikuwa hivyo tangu zamani. Karne ya 19, mji wa Malindi ulipofufuliwa chini ya utawala wa Zanzibar, mashamba yake, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, yalisafirisha mtama na ufuta kwa majahazi hadi Zanzibar na Arabuni. Jahazi halikujali kama Mombasa iko karibu au mbali. Kila mji wenye gati na upepo ulikuwa bandari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilibadilisha hesabu hiyo. Ilipanda Mazeras na Mariakani ikaingia bara, wala haikuwahi kugeuka kaskazini kuja Malindi. Reli mpya ya SGR, iliyofunguliwa 2017, ilifuata mkondo ule ule na kuipa Mariakani stesheni. Mara mbili katika miaka 120 dola imeweka chuma chini, na mara zote mbili upande mmoja wa kaunti ya sasa ukapata, mwingine ukakosa.

Mama wa Matsangoni amekuwa kimya. Anapoingia, anauliza swali ambalo Mwalimu alikuwa akilikwepa.

"Mwalimu, chumvi na mkonge nimekuelewa. Niambie kuhusu korosho."

Korosho ndiyo kesi ngumu ya pwani hii. Katikati ya miaka ya 1970 serikali, pamoja na chama cha ushirika cha wakulima, iliweka kiwanda mjini Kilifi. Kilinunua kutoka kwa wakulima wa pwani yote, kiliajiri mamia ya watu, wengi wao wanawake, na kwa miaka kadhaa jina la Kilifi lilikuwa jina la korosho. Mapema miaka ya 1990 kikabinafsishwa. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo kikafungwa.

Kwa kanuni ya uzito, kisingekufa. Karibu robo tatu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ndani ya ganda hilo mna mafuta makali yanayochoma ngozi. Magunia manne yanayotoka shambani huzaa takriban gunia moja la kiini. Kila anayesafirisha korosho ghafi analipia nauli ya takataka. Hata hivyo, kwa miongo mingi korosho za Afrika Mashariki zimevushwa Bahari Hindi pamoja na maganda yake hadi Kollam, kusini mwa India, na baadaye Vietnam, ambayo leo inaongoza dunia kwa kuuza korosho iliyobanguliwa.

"Mzigo wa robo tatu taka unavuka bahari nzima," Mama anasema, "na hauwezi kubanguliwa hatua chache kutoka mkorosho wenyewe. Kanuni yako imelala wapi?"

Mwenye malori anajibu kabla ya Mwalimu. Meli zinashusha Mombasa kontena zilizojaa na kuondoka na nyingi zikiwa tupu, kwa kuwa Kenya na majirani zake wananunua nje zaidi kuliko wanavyouza. Mwenye meli afadhali apate chochote kuliko kubeba hewa. Nauli ya kurudi Asia huwa ya chini kiasi kwamba kipande cha ghali kuliko vyote katika safari ya korosho chaweza kuwa kile cha kwanza: kutoka shambani, kwenye mchanga, hadi lami.

Mwalimu anakubali, kisha anaongeza jambo ambalo ni nadra kusikika hoja ya kiwanda hicho inapozungumzwa. Kabla ya 1991, gari lililotoka Malindi kwenda Mombasa lilivuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa feri. Mji wa Kilifi uko ng'ambo ya kaskazini. Aliyekusanya korosho za upande huo alikuwa na sababu ya kuzibangua kwanza, avushe robo badala ya mzigo mzima. Feri ilikuwa kero kwa abiria na kinga kwa kiwanda. Mwaka 1991 daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa. Miaka michache baadaye soko likaachwa huru, na lori la mnunuzi binafsi likaweza kuingia vijijini, kupakia korosho ghafi na kufika bandarini jioni.

"Usilisingizie daraja," Mama anamjibu kwa ukali. "Daraja limetuokolea wagonjwa. Kiwanda kiliuawa na madeni, na mkulima kucheleweshewa pesa mpaka akachoka, na mikorosho iliyozeeka bila mtu kuleta miche. Mimi mwenyewe nimekata miwili nikachoma makaa."

Kijana wa Magarini anasema wote wawili wana haki. Mwaka ule ule wa daraja, 1991, Mmarekani Paul Krugman alichapisha makala iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2008. Maelezo yake ni haya: kiwanda kikubwa huzalisha kila kipande kwa gharama ndogo kuliko kiwanda kidogo. Usafiri ukiwa ghali, kila mji hujitegemea na kiwanda chake kidogo huishi. Usafiri ukishuka bei, kiwanda kikubwa kilicho karibu na soko au bandari huweza kuwahudumia wote, na kile kidogo hubaki na umahiri wake tu wa kukitetea. Kiwanda cha Kilifi, kwa madeni yale na miti ile, hakikuwa na cha kujitetea nacho ukuta wa maji ulipoondolewa.

Kusini mwa mpaka mambo hayakuwa bora. Tanzania ilijenga viwanda takriban 12 vya korosho kwa mikopo kufikia miaka ya 1980, na vingi vikakaa kimya huku korosho ghafi ikienda India. Msumbiji ilishinikizwa na Benki ya Dunia miaka ya 1990 kupunguza ushuru wa kuuza nje korosho ghafi, na maelfu ya wafanyakazi wa viwandani wakarudi nyumbani. Kenya ilichukua njia ya kinyume mwaka 2009: ikapiga marufuku kuuza nje korosho na makadamia ghafi. Kile ambacho feri ilikifanya bila kukusudia, sheria ikajaribu kukifanya kwa makusudi.

Mama haipokei sheria hiyo kwa vigelegele. "Marufuku yananisaidia kama kiwanda kipo. Kama hakipo, yameniondolea mnunuzi mmoja, na aliyebaki anajua niko peke yangu."

Ni hoja nzito, na watungaji sera wa Nairobi wangefaa kuisikia ikisemwa Matsangoni. Kizuizi cha kuuza nje huihamisha gharama kutoka kwa msafirishaji kwenda kwa mkulima mpaka siku viwanda vya ndani vitakapokuwa vingi vya kutosha kushindania mavuno yake.

Maembe yanahitaji maneno machache. Embe lililoiva halingoji lori, na msimu ukifika bei shambani huanguka. Kuanzia 2003, alipogunduliwa nzi wa matunda mgeni nchini, soko la nje likawa gumu, na mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha maembe yake yasiende Ulaya kwa miaka kadhaa. Kukamua karibu na shamba kuna faida iliyo wazi: kokwa na ganda hubaki, na kinachooza hugeuka kinachodumu. Tatizo ni kalenda. Mashine iliyonunuliwa kwa maembe peke yake hulala sehemu kubwa ya mwaka huku riba ya benki ikiwa macho.

Kijana anairudisha meza kwenye chumvi, ambako Mwalimu alianzia kwa furaha. Yeye amekulia kando ya mabwawa yale.

"Mwalimu amesema mwenye kiwanda amefungwa pale. Ni kweli. Kwa kuwa chumvi haiwezi kuhama, waliotakiwa kuhama ni watu."

Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadharani Magarini, na mwaka 2006 ikatoa ripoti. Wakazi walieleza kufurushwa kwenye ardhi waliyoishi, mikoko kukatwa, visima kuingia chumvi, na hali duni za kazi. Kitabu cha Weber hakina safu ya kuandikia hasara hizo. Kiwanda kinachovutwa na malighafi hakina jirani wa kuchagua, na jirani naye hana kiwanda kingine cha kwenda kuomba kazi. Pande hizo mbili hukutana bila usawa tangu siku ya kwanza. Mwandishi anaona hili ndilo pengo kubwa katika hoja ya nauli. Nauli inaeleza kiwanda kilipo. Haielezi nani anafaidika nacho.

Kijana ana mawili zaidi. Maji ya mto Sabaki yanayovutwa Baricho, nyuma ya Malindi, husafiri kwa bomba hadi Mombasa: kitu kizito kuliko vyote ambavyo eneo hili linatoa kinasafirishwa kwa bei ndogo kuliko vyote, kikawahudumie watu na viwanda vya bandarini. Na Langobaya kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 40 kilichoanza kazi mwaka 2021, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, na bei ya viwanda haipungui kwa kuwa jirani na kituo. Jua la Malindi halimpi mwekezaji wa Malindi punguzo hata la senti.

"Ikiwa hivi vyote vinaweza kusafirishwa kwa urahisi kwenda Mombasa," anauliza, "barabara pana ikifika Kilifi itatuletea viwanda au itatuchukulia vilivyobaki?"

Barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa miaka ya karibuni kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika mikutano ya hadhara inasifiwa kama mlango wa viwanda. Historia ya korosho inaonya kwamba mlango hufunguka pande zote mbili. Kwa bidhaa isiyopoteza uzito wala kuoza, barabara nzuri humpa mwenye kiwanda cha Mombasa au Mariakani uwezo wa kuihudumia Malindi bila kujenga chochote Malindi. Na mpango wa kitaifa wa 2023 wa kujenga eneo la viwanda katika kila kaunti, wa shilingi milioni 500 kwa kila moja, unaweza kumeza pesa nyingi katika majengo yanayongoja wapangaji ambao hesabu ya nauli imekwisha kuwaweka kwingine.

Kwa hiyo, mwandishi anaegemea upande wa Mwalimu, kwa sharti moja: kanuni ya uzito itumiwe kuchagua cha kujenga, wala isitumiwe tu kueleza kilichokwisha kujengwa. Sehemu ya kaunti kuanzia Kilifi kwenda kaskazini ina mazao matatu au manne yanayobeba taka nyingi ndani yake, na kwa hayo tu ndiyo ina nguvu dhidi ya bandari. Kubangua, kukamua, kukausha, kusafisha na kufungasha chumvi: hatua hizo za kwanza ndizo za kupiganiwa, kwa mitambo midogo inayoweza kubadilisha kazi msimu ukibadilika. Na pesa za barabara zianzie kwenye zile kilomita chache za mchanga kati ya shamba na lami, ambako gunia la korosho hulipa nauli kubwa kuliko litakayolipa baharini.

Mwenye malori hapingi. Ana masharti yake ya kibiashara. Kiini cha korosho hakipakiwi kwenye lori lililobeba saruji jana. Kinataka bodi safi lililofungwa, na bodi la namna hiyo lina mkopo wake.

"Nitalinunua," anamwambia Mama. "Lakini korosho zako zinaanguka Novemba mpaka Machi. Maembe ni miezi ile ile. Aprili lori langu litabeba nini?"

"Nazi. Nazi haina msimu."

"Nazi zilizofuliwa au na makumbi yake?"

"Zilizofuliwa," Mama anajibu. "Makumbi yanabaki Matsangoni, yatolewe usumba wa kamba. Wewe sema bei ya safari moja mpaka Mombasa, na useme kama ni ya kwenda tu ama na ya kurudi."